Maji Chini ya Moto: Historia ya Sakafu Yenye Joto

Katika kitabu cha saba cha maandishi yake juu ya ujenzi, Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, anaeleza jinsi Wagiriki walivyojenga sakafu za vyumba vya kulia chakula wakati wa baridi. Walichimba futi 2 kwenda chini, wakashindilia udongo, wakamwaga kifusi cha mawe au vigae vilivyovunjika na kukilaza kwa mteremko ili maji yapate njia ya kutokea mferejini. Juu ya kifusi walijaza mkaa, wakaukanyaga mpaka ukashikana, kisha wakaufunika kwa mchanganyiko wa changarawe, chokaa na majivu wenye unene wa nusu futi, wakausawazisha kwa pima-maji na kuusugua kwa jiwe mpaka ukawa mweusi na laini. Faida zake anazitaja mbili: kinywaji kilichomwagika kilikauka papo hapo, na watumishi waliokuwa wakipita peku hawakuona baridi miguuni. Hakuna moto uliowashwa chini ya sakafu hiyo. Mkaa wenyewe ulikuwa umelala tu, mkavu na mwepesi, ukiwa umejaa matundu ya hewa kati ya nyayo za watu na ubichi wa ardhi.

Kwa kawaida historia ya sakafu yenye joto huanziwa mahali pengine, kwenye matanuri ya mabafu ya Kirumi, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Moto una mvuto wa kusimulika, lakini nani atakaa kusikiliza habari za mfereji wa kutoa maji? Hata hivyo, ukiyafuata majengo yenyewe, kutoka Ugiriki hadi Korea, na kutoka Wisconsin hadi vijiji vya Uingereza, unakuta kwamba kazi ngumu ilikuwa ni kutenganisha sakafu na maji ya ardhini, na joto likafuata kama zao la kazi hiyo. Palipogeuzwa mpangilio, watu wakatanguliza joto wakitumaini kwamba unyevu utajiondokea, hasara haikukawia. Sababu iko katika maumbile ya maji. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo jiwe au zege lililolowa hulivuta joto la unyayo, na joto la bomba vilevile, na kulizamisha ardhini. Tena maji yakikauka hula nishati: lita 1 tu huhitaji karibu theluthi mbili ya yuniti ya umeme ili igeuke mvuke. Mwenye nyumba anayepasha joto sakafu inayokunywa maji usiku na mchana analipa bili ya kukausha ardhi, na ardhi haina mwisho.

Warumi walilijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Kwa mabafu, Vitruvius anaagiza nguzo fupi za vigae vya inchi 8, zenye kimo cha futi 2, zilizoungwa kwa udongo uliokandwa pamoja na nywele, na juu yake vigae vikubwa vya futi 2 vya kubeba sakafu. Chini ya nguzo pawe na mteremko kuelekea tanuri, kiasi kwamba mpira ukitupwa ndani utarudi wenyewe hadi mdomo wa tanuri. Kwa njia hiyo ndimi za moto zitaenea vizuri zaidi. Baadaye ziliongezwa njia za hewa ya moto ndani ya kuta, jambo ambalo mwanafalsafa Seneca, katika karne ya 1 baada ya Kristo, analitaja miongoni mwa mambo yaliyobuniwa katika kumbukumbu ya watu wa zama zake. Kuhusu nani aliyebuni mfumo mzima, waandishi wa Kirumi walimtaja Sergius Orata, mfanyabiashara aliyefuga chaza katika ghuba ya Baiae, lakini sakafu zenye moto chini zimechimbuliwa Gortys huko Arkadia, Ugiriki, nazo ni za kale kuliko yeye. Sifa hiyo huenda aliipata kwa sababu alijua kuuza.

Sasa itazame ile nafasi ya futi 2 kwa jicho la fundi. Maji ya ardhini hupanda kwenye udongo, matofali na mawe kwa kupenya vitundu vidogo, kimoja baada ya kingine, lakini hayawezi kuruka hewa. Kwa hiyo sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo imetengwa na ardhi kwa kiasi kikubwa hata kabla ya kuni ya kwanza kuwashwa, na unyevu kidogo unaopanda kwenye nguzo unakutana na hewa inayopita na kuubeba. Mtu anaweza kupinga kwamba hiyo ni bahati tu: nguzo ziliwekwa ili moshi upite, na hakuna Mrumi aliyeandika kwamba zilikusudiwa kuzuia unyevu. Ni kweli kuhusu nguzo. Lakini katika sura ileile inayoeleza sakafu za Wagiriki, Vitruvius anashughulikia vyumba vyenye unyevu. Anaagiza kwamba lipu ya futi 3 za chini itumie vigae vilivyopondwa badala ya mchanga, na kwamba ikiwa ukuta una maji ya kudumu, ujengwe ukuta wa pili mwembamba mbele yake, kukiwa na uwazi katikati, mfereji chini, na matundu ya kupitishia hewa chini na juu. Nafasi ikiwa haitoshi, vitumike vigae vyenye vishikizo, vilivyopakwa lami upande unaoelekea ukuta wenye maji. Aliyeandika hayo alielewa fika kazi ya hewa kati ya kitu kikavu na kitu kilicholowa. Hakuwa na haja ya kulieleza somo hilo upya alipoandika kuhusu tanuri.

Ustadi huo ulififia katika Ulaya ya magharibi baada ya dola ya Rumi kuanguka, lakini mashariki haukukatika. Hamamu ya Qusayr Amra katika jangwa la Jordan, iliyojengwa na watawala wa Bani Umayya katika karne ya 8, ina sakafu ya moto ya mtindo wa Kirumi. Uajemi iliuendeleza kwa mifereji ya moshi chini ya vyumba vya joto, na kutoka huko ukafika kwetu Unguja. Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya umma katika Mji Mkongwe wa Unguja chini ya usimamizi wa Haji Gulamhussein, mjenzi wa Kishirazi. Hapo Hamamni, watu wa Unguja walikanyaga sakafu iliyopashwa joto kutoka chini muda mrefu kabla ya nyumba nyingi za Ulaya kupata anasa hiyo upya. Na chokaa iliyoshindiliwa ambayo sakafu zile zilijengwa kwayo ni ileile ambayo mafundi wa Pwani waliijua vyema kutokana na majumba yao ya mawe.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, unatoka Korea, kwa sababu huko sakafu ya moto haikubaki katika mabafu na majumba ya matajiri. Ikawa nyumba yenyewe. Historia ya nasaba ya Tang ya China, iliyokamilishwa mwaka 945, inasema kwamba watu wa Goguryeo, ufalme wa kale wa Korea, walichimba mitaro mirefu ndani ya nyumba wakati wa baridi na kuwasha moto chini yake ili wapate joto. Mfumo huo, unaoitwa ondol, una jiko upande mmoja wa chumba, njia za moshi chini ya sakafu, mawe bapa yaliyolazwa juu ya njia hizo, udongo wa kuziba nyufa, na mwishoni karatasi nene iliyopakwa mafuta. Moto wa kupikia chakula cha jioni ulipita chini ya chumba cha kulala kabla ya kutokea kwenye dohani ya upande wa pili, na jiwe lililotunza joto liliendelea kulitoa usiku kucha. Sehemu iliyo karibu na jiko ndiyo iliyokuwa ya heshima, akalazwa mzee au mgeni. Mwanzoni mwa enzi ya ufalme wa Joseon, ondol ilikuwa zaidi ya wagonjwa na wazee; kufikia karne za 17 na 18 ilikuwa imeenea hadi kwa watu wa kila tabaka, na misitu ya misonobari ililipa gharama ya kuni.

Hapa ndipo pingamizi kubwa zaidi dhidi ya hoja yangu linapojitokeza. Wakorea waliwasha moto hata katika majira ya mvua za kiangazi, siyo kwa ajili ya baridi, bali kukausha sakafu na matandiko. Je, hilo halionyeshi kwamba moto wenyewe unaweza kuwa dawa ya unyevu? Linaonyesha hivyo, lakini tuangalie moto huo ulikuwa juu ya nini. Nyumba ya Kikorea ya jadi husimama juu ya jukwaa la udongo na mawe lililoinuliwa kutoka usawa wa ua. Mapaa yake yana kingo ndefu zilizochomoza zinazotupa maji mbali na kuta. Chini ya sakafu mna uwazi wa njia za moshi, na dohani inavuta hewa kupitia humo. Unyevu ambao moto ule uliukausha ulikuwa wa hewani, ule wa msimu unaoingia mlangoni, na tayari ulikuwa umetayarishiwa njia ya kutoka. Maji ya ardhini yalikuwa yamekwisha kuzuiwa na jukwaa na paa. Ukitaka kujua mfumo huo unavyoharibika, usitazame unyevu peke yake bali uzima wa sakafu. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, makaa ya mawe yaliyofinyangwa yaliposhika nafasi ya kuni, gesi yenye sumu ilipenya kwenye nyufa za sakafu na kuua watu wengi wakiwa usingizini. Maji ya moto ndani ya mabomba ndiyo yaliyoiokoa ondol, na leo majengo marefu ya Seoul yamejaa mabomba hayo.

Kabla ya hapo, wazo la sakafu ya moto lilikuwa limevuka bahari kwa njia isiyotarajiwa. Frank Lloyd Wright, msanifu wa Marekani, alipokuwa Tokyo katika shughuli za kujenga Imperial Hotel, alialikwa chakula nyumbani kwa tajiri Okura, akatetemeka kwa baridi wakati wote wa mlo, kisha akaongozwa hadi chumba kilichojengwa kwa mtindo wa Kikorea. Kwa simulizi yake mwenyewe, ilikuwa kana kwamba hali ya hewa imebadilika. Aliporudi Marekani aliutumia mpango huo, na nyumba ya familia ya Jacobs huko Madison, Wisconsin, iliyokamilika mwaka 1937, ndiyo inayotajwa zaidi. Wanaoisimulia husifu joto lake na kusahau kilichokuwa chini. Wright alilaza mabomba katika tabaka la mawe yaliyopondwa chini ya jamvi la zege, na kwa misingi yake alipenda kuchimba mitaro, kuijaza kokoto na kuitolea maji. Kokoto hazina vitundu vyembamba vya kupandisha maji. Alichojifunza Tokyo kilikuwa moto. Ukavu alikuja nao mwenyewe.

Miaka kumi baadaye, kampuni ya Levitt ilianza kujenga Levittown katika kisiwa cha Long Island, nyumba zaidi ya 17,000 kati ya 1947 na 1951, zisizo na chumba cha chini ya ardhi, kila moja juu ya jamvi la zege lenye mabomba ya shaba yaliyozikwa ndani. Ilikuwa bei nafuu, na wanajeshi waliotoka vitani walizipokea kwa furaha. Lakini bomba lililozikwa ndani ya zege halina pa kukaguliwa, na baada ya miaka, mabomba mengi yalivuja. Maji ambayo mjenzi wa kale alihangaika kuyazuia yasipande kutoka chini sasa yalikuwa yakitoka katikati ya sakafu yenyewe, na hapakuwa na njia ya kuyafikia isipokuwa kuvunja. Sifa ya sakafu za joto ilishuka Marekani kwa miongo kadhaa, hadi plastiki ngumu isiyoliwa na kutu, iliyobuniwa na Mjerumani Thomas Engel mwaka 1968, ilipoanza kuchukua nafasi ya metali. Sikumbuki mfano ulio wazi zaidi wa joto lililopewa kipaumbele kuliko maji.

Uingereza inatupa mfano wa polepole zaidi, na kwa maoni yangu wenye mafunzo mengi zaidi, kwa kuwa unahusu kukarabati kuliko kujenga upya. Nyumba za vijijini za karne za 17 na 18 zilitandikwa mawe bapa moja kwa moja juu ya udongo. Unyevu ulipanda, ukatokea kwenye viungo kati ya mawe, na upepo uliovutwa na meko ukautoa nje. Mguu uliona baridi, lakini nyumba haikuoza. Baada ya sheria ya afya ya umma ya 1875, kanuni za ujenzi za miji zilianza kudai tabaka la kuzuia unyevu ndani ya kuta za nyumba mpya, na sakafu za mbao za zama hizo ziliinuliwa juu ya uwazi wenye matundu ya hewa kwenye kuta za nje: wazo la Warumi bila tanuri. Kisha vikaja vizazi vilivyochukia upepo. Matundu yakazibwa ili chumba kipate joto, na boriti za sakafu zikaanza kuoza kwa ukungu. Kwenye nyumba za zamani zaidi mawe yalingʼolewa, ikatandikwa nailoni, likamwagwa zege.

Mtetezi wa nailoni ana hoja, nayo inastahili jibu la haki. Katika nyumba mpya, nailoni iliyotandikwa chini ya jamvi lote na kuunganishwa na tabaka la kuzuia unyevu lililomo ukutani, pamoja na tabaka la kuzuia joto lisishuke, hufanya kazi vizuri. Nyumba nyingi za Ulaya ya kaskazini leo zina mabomba yenye maji ya nyuzi 35 hadi 45 juu ya mpangilio huo, na wakazi wake hawana malalamiko. Shida huanza pale mpangilio huo unapobandikwa kwenye nyumba isiyo na kizuizi ukutani. Sakafu inazibwa, ukuta unabaki wazi, na unyevu uliokuwa ukitoka kwenye eneo lote la chumba sasa una kingo tu za kutokea. Wapo wataalamu wanaopinga maelezo haya: wanasema maji hayasukumwi kutoka sakafuni kwenda ukutani, na kwamba kuta nyingi zinazolaumiwa zimelowa kwa sababu ya mabomba ya mvua yaliyovunjika au udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani. Wakiwa sahihi, bado wanaunga mkono mpangilio ninaoutetea. Kama chanzo ni mfereji wa paa au udongo wa nje, basi ndicho cha kushughulikiwa kabla ya mtu yeyote kuagiza mabomba. Ukilipasha joto jiwe lenye maji bila kukata chanzo, unaongeza kasi ya ukaukaji, na kila tone linalokauka linaacha chumvi yake juu ya jiwe au ndani ya lipu, mpaka uso unameguka.

Hii ndiyo sababu mafundi wa Uingereza wanaokarabati majengo ya kale wamegeukia sakafu ya chokaa. Wanachimba, wanashindilia, wanamwaga tabaka nene la vipande vya kioo kilichovimbishwa, vyepesi na vilivyojaa hewa, ambavyo havipandishi maji na havipitishi joto kwa urahisi. Juu yake wanamwaga zege la chokaa inayoganda hata penye maji, wanalaza mabomba, wanaongeza lipu ya chokaa, na kurudisha mawe ya zamani. Chora mkato wa sakafu hiyo na mkato wa sakafu ya Wagiriki ubavu kwa ubavu: shimo, udongo ulioshindiliwa, tabaka jepesi lenye matundu, chokaa juu. Kioo kimechukua nafasi ya mkaa. Bomba la maji ya moto ndilo nyongeza pekee ya kweli, nalo limekuja mwisho. Pingamizi la gharama ni la kweli. Sakafu ya chokaa ni ghali na hukauka taratibu. Lakini hata saruji haina haraka: kwa kanuni ya mafundi, lipu ya saruji hukauka kama milimita 1 kwa siku kwa milimita 50 za mwanzo, na viwango vya Ulaya vinataka ikae angalau siku 21 kabla ya maji ya moto kupitishwa. Aliyeharakisha hapo hupata nyufa kabla ya joto.

Katika mwambao wetu hakuna anayehitaji joto sakafuni, lakini nusu ya kwanza ya historia hii inatuhusu moja kwa moja. Nyumba za Mji Mkongwe na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, vitu vinavyonywa maji na kuyatoa, na vilevile vimebeba chumvi. Sakafu zao za chokaa iliyopigwa kwa siku nyingi na kundi la watu wenye virungu ziliuacha unyevu upite taratibu. Saruji ilipopata umaarufu kwa ugumu na wepesi wake, ilitandikwa juu ya sakafu hizo na kupigwa lipu kwenye kuta hizo, na tangu hapo wahifadhi wa majengo wamekuwa wakipambana na matokeo yake. Wapo wanaosema chokaa ni ya makumbusho, haiwafai wakazi wanaotaka sakafu ya kupigwa deki na vigae vya kungʼaa. Wana haki ya kutaka hivyo, na vigae vyao vitadumu kama maji yametolewa kwanza: paa lisivuje, bomba la mvua lisitemee ukutani, uchochoro uwe na mfereji. Bila hayo, chumvi itapanda ukutani juu kidogo ya vigae vipya, na mpaka rangi ataitwa kila baada ya masika.